Mrejesho: programu zilizogoma kufunguka baada ya kuchanganya ports na pkg

Niliuliza kwa nini, kila nikijenga programu kutoka msimbo chanzo kwa mkusanyo wa ports wa mfumo endeshi wa FreeBSD kisha nikasasisha nyingine kwa pkg (zana ya kusakinisha vifurushi vilivyojengwa tayari), baadhi zilikuwa zinagoma kufunguka kwa kukosa maktaba zinazohitajika (mafaili ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja). Nawashukuru kwa dhati mlionijibu, hasa aliyenishauri nilinganishe matawi (mifululizo ya matoleo) ya ports na pkg kabla ya kufuta chochote.

Chanzo kilikuwa hapo hapo: folda yangu ya ports, /usr/ports, ilifuata tawi kuu la git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), ilhali pkg, kwa mpangilio wake wa awali, ilichukua vifurushi vya tawi la robo mwaka, hivyo maktaba ileile ikawa na matoleo mawili yanayovutana. Nimeandika faili ndani ya /usr/local/etc/pkg/repos ili anwani isomeke latest (tawi la karibuni) badala ya quarterly (robo mwaka), nikasoma /usr/ports/UPDATING (faili ya maelezo ya mabadiliko ya kuzingatia wakati wa kusasisha) kuanzia tarehe ya sasisho langu la mwisho (hatua niliyokuwa nikiiruka, na sitairuka tena), kisha nikajenga upya programu mbili tu ambazo chaguo zake nilizibadili kwa make config, na nikazifunga kwa pkg lock ili vifurushi vilivyo tayari visizifunike. Tangu hapo zote zinafunguka.