Ukuta wa majani upande wa magharibi, ghorofa tatu Dar: unalipa?

Mdau_Ujenzi
Wakuu, habari. Ukuta wa tofali za inchi 6, mita za mraba 60, unapigwa na jua kuanzia saa nane mchana. AC za vyumba vya upande huo hazipumziki. Fundi mmoja anataka mifuko ya kitambaa yenye mimea ukuta mzima, mwingine mimea ya kutambaa toka chini. Kipi hakitakula faida ya umeme?

Bwana_Bustani
Ya kutambaa, mkuu. Mifuko ikilowa inaweza kufika kilo 40 na zaidi kwa mita ya mraba, na fremu yake lazima ishikwe na nguzo na lenta za zege, si tofali. Kitambaa pia hakina udongo wa akiba. Umeme ukikatika pampu ikasimama, jua la Februari linanyausha mimea siku hiyohiyo. Chukulia lita 4 za maji kwa mita ya mraba kwa siku: hizo ni lita 240 kila siku, bado mbolea ya maji na fundi wa kupanda jukwaani kubadilisha iliyokufa.

Fundi_Pwani
Naunga mkono. Mimea ipande kwenye waya wa chuma cha pua daraja la 316, milimita 4. Waya wa mabati utaliwa na chumvi ya bahari. Waya ukae mbali na ukuta kwa sentimita 10 hadi 15 ili hewa ya moto ipande itoke. Chini chimba mtaro wa sentimita 50 kwenda chini, panda kila mita moja. Thanbagia (Thunbergia) inajizungusha yenyewe kwenye waya. Bogainvilia inavumilia ukame ila lazima uifunge. Fikasi ya kutambaa iepuke: inang'ang'ania plasta, ukiing'oa inaondoka na rangi.

Maji ya kisima yakiwa na chumvi, ncha za majani zinaungua na vitundu vya bomba la matone vinaziba. Maji ya AC hayana chumvi, yaelekeze kwenye simtanki. Funika vizuri, mbu wa dengue wanazaliana humo.

Mdau_Ujenzi
Na madirisha ya upande huo?

Bwana_Bustani
Kama vioo havina kivuli, anza navyo. Jua linalopita kiooni linaingia chumbani moja kwa moja. Wekea vivuli vya nje kwanza.

Kisha, kabla hujanunua waya, tundika neti ya kivuli ya bustani ukuta mzima kwa wiki nne. Andika uniti za LUKU kila jioni, ulinganishe na siku zenye joto kama hilo ambazo haikuwepo. Uniti zisipopungua, majani nayo hayatazipunguza vya kutosha kulipa gharama.