Zotero inatia p. badala ya uk., na kurasa nyengine hazitoki kabisa

karafuu_wete
Asalaam aleikum. Naandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili kuhusu wakulima wa karafuu huku Pemba, natumia Zotero, ile programu ya kupanga marejeo, pamoja na Word, mtindo wa marejeo ni APA. Namba za kurasa zinanitesa. Nikinukuu kitabu ndani ya maandishi inatoka jina na mwaka tu, ukurasa haumo, na kule Zotero sehemu ya kurasa imejazwa, imeandikwa 320. Nikiuandika ukurasa kwa mkono mle kwenye mabano unakaa, lakini nikija kuongeza rejeo jengine inatoa onyo kuwa nimebadilisha, inauliza nibakishe au vipi. Halafu msimamizi anataka uk. na kur. tasnifu nzima, hii inaleta p. na pp. Nikajaribu kuhamia mtindo wa Chicago, makala ya kurasa 321-328 ikawa 321–28, tarakimu imeliwa! Nisaidieni jamani, mana siku za kukabidhi zinakaribia na marejeo ni mengi.

mkutubi_unguja
Waaleikum salaam. Tuanze na hiyo 320. Kwenye kitabu ile sehemu ni idadi ya kurasa za kitabu kizima, haihusiani na pale uliponukuu. Ukurasa wa nukuu unatiwa kwenye rejeo lenyewe ndani ya Word: bonyeza katikati ya rejeo, kisha Add/Edit Citation, kile kisanduku kikifunguka bonyeza juu ya jina la mwandishi, utaona nafasi ya Page, andika 45 au 45-47 basi. Namba tupu, usitie uk. hapo mana itatoka p. uk. 45 na utazidi kuchanganyikiwa.

Lile onyo lisome vizuri kabla hujajibu. Ukisema Yes maneno yako yanabaki lakini rejeo lile linaganda, hata ukibadilisha mtindo kesho halifuati. Ukisema No ulichoandika kinafutika. Yote mawili hayakufai, khasa kwenye tasnifu ambayo msimamizi anaweza kuirudisha wakati wowote, kwa hiyo pitia yale uliyoandika kwa mkono uyahamishie kwenye ile nafasi ya Page.

Chicago haijala kitu, ndo kanuni yao. Chini ya 100 wanaandika kamili, 71–72. Ikianzia 100 yenyewe pia kamili, 100–104. Ikianzia 101 hadi 109 wanabakisha ile iliyobadilika tu, 101–8, na kuanzia 110 wanabakisha mbili, ndo hiyo 321–28. APA wanaandika kamili siku zote. Ulichojaza Zotero hakijaguswa, rudi APA na 328 yako itarudi.

bi_mchambawima
Mdogo wangu, nongeze na la makala zilizomo ndani ya kitabu cha watu wengi. Hizo usizisajili kama Book, chagua Book Section, ndo utapata sehemu ya Pages ya kutia 112-130. Na ukiingiza marejeo kutoka kwenye intaneti angalia kila moja, mana mengine yanakuja na ukurasa wa kwanza tu, mengine yameshaandikwa pp. ndani ya sehemu ile kwa hiyo kwenye orodha inatoka pp. mara mbili.

Sasa uk. na kur. Hili linawezekana na wala usibadilishe moja moja. Fungua Zotero, Settings, Cite, kisha Style Editor, chagua APA. Kitu cha kwanza kabisa badilisha title na id ya mtindo huo, uite jina lako, mfano APA Kiswahili, mana ukiacha jina la asili siku Zotero ikijisasisha kazi yako yote inafutwa. Kisha tafuta sehemu ya locale (ya lugha) yenye en, yaani Kiingereza, ndani ya terms (orodha ya maneno) ongeza term yenye jina page na form short, kwenye single andika uk. na kwenye multiple andika kur. Hifadhi, rudi Word, kwenye Document Preferences chagua mtindo mpya. Umoja na wingi inajua yenyewe, ukitia 45 inatoka uk. 45, ukitia 45-47 inatoka kur. 45–47. Hapo hapo geuza na term ya et-al iwe "na wenzake", nna hakika msimamizi ataliulizia na hilo.

karafuu_wete
Wallahi nashukuru sana dada, uk. imetoka mpaka kwenye marejeo ya zamani! Limebaki moja, nna mafaili ya Nyaraka pale Kilimani, karatasi zake zina namba ya folio, yaani namba ya karatasi nzima, hazina ukurasa. Nikitia kwenye Page inasema uk. na sio kweli.

mkutubi_unguja
Pale pale palipoandikwa Page pana mshale, ufungue uchague Folio. Itatoka fol., na kama unataka Kiswahili ongeza term ya folio kwenye ule mtindo wako kama ulivyofanya page. Rekodi yenyewe isajili kama Manuscript, jina la Nyaraka lende kwenye Archive na namba ya faili kwenye Loc. in Archive. Namba ya faili inakili kama ilivyo juu ya jalada, na alama za mkwaju (/) usiziache, mana atakayekuja kuliomba faili lile baada yako atategemea hiyo.