MREJESHO: Kihisi cha urujuanimno (UV), ganda la oksidi ya titani limesaidia kiasi

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu kihisi changu cha mwanga wa urujuanimno, cha nyaya nano (nyaya nyembamba mno) za oksidi ya zinki: ukizima taa ya kukijaribia, mkondo wa umeme unashuka kwa kusuasua. Asanteni sana mliojibu.

Aliyesema chanzo ni oksijeni alikuwa sahihi. Gizani molekuli zake hung'ang'ania uso wa waya na kukamata elektroni. Mwanga ukipiga zinang'oka, na kurudi kwake ndiko kunakochelewa. Basi nikafuata ushauri wa kuuvisha waya ganda. Kiini, yaani waya wenyewe, ni kilekile, nilichokiotesha juu ya kioo kwa nitrati ya zinki na heksamini, nyuzijoto 90. Kwa ganda, kloridi ya titani niliiacha kama mlivyonionya, maana myeyusho wake ni asidi kali na oksidi ya zinki ingeliwa yote. Nilichovya kwenye isopropoksidi ya titani iliyochanganywa na ethanoli, kisha tanuri, nyuzijoto 450, ibaki oksidi ya titani.

Sasa taa ya urujuanimno (nanomita 365) ikizimwa mkondo unashuka haraka zaidi, hata multimita ya kawaida inaonyesha. Ila ganda halijakaa sawasawa: kwenye hadubini ya elektroni ncha zimefunikwa vizuri, huku chini dawa imegandamana kama ukoko wa uji katikati ya nyaya. Mkondo wa mwangani nao umepungua kidogo, hilo nimelikubali.

Ganda la oksidi ya nikeli, lile la kufanya kihisi kisihitaji betri, bado sijaligusa. Mkuu uliyelipendekeza, unalichoma kwa nyuzijoto ngapi?