Treni Italia na Uswisi na mama: tujiunge na kundi lenye kiongozi ama twende wenyewe?

binti_maweni, Malindi
Assalam aleikum na habari za jioni nyote. Naomba ushauri hasa wa wale mliowahi kupanda treni za huko Ulaya. Mamangu amefanya kazi kwa Waitaliano hapa Malindi tangu mimi sijazaliwa, kwanza jikoni kisha mapokezi, Kiitaliano kimemkaa ulimini lakini Italia yenyewe hajaiona. Sasa amestaafu, sisi watoto tumechanga, mimi ndo nitakwenda naye. Kuna ajenti ametuletea safari ya kundi: Roma, Firenze, Venezia, Milano, halafu mnapanda mpaka Tirano na kutoka hapo ile treni nyekundu ya milimani hadi St. Moritz, Uswisi. Kiongozi yuko nanyi mwanzo mwisho, hoteli zimelipiwa, mizigo inabebwa. Kakangu anasema ni kutupa pesa, tiketi ziko mtandaoni na mama lugha anayo, twendeni wenyewe. Mimi nasitasita manake magoti yanamsumbua, na yeye hataki kukimbizwakimbizwa, anataka akae dirishani aone mashamba na miji ya kale. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Chakula na sala je?

kijana_wa_barani, kwetu Malindi, naishi Milano
Waaleikum salaam dada, mmefanya jambo kubwa sana, mama kama huyo anastahili. Mimi ningekwenda na kundi, na si kwa ajili ya lugha. Stesheni za huku usizifikirie kama ile ya SGR kwetu Miritini, Mombasa, kwamba mnafika saa nzima kabla, mizigo inapita kwa mbwa, kisha mnapelekwa kwenye behewa lenu taratibu. Huku unasimama chini ya ubao wa ratiba za treni na umati mzima, platifomu inatangazwa dakika chache tu kabla, watu wanaondoka mbio na masutikesi, na Roma Termini kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo kweli. Tena tiketi za karatasi za treni za mikoa lazima uzigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda, ukisahau ni faini. Mtu mwenye magoti akiwa na kiongozi wa kumwambia "twende huku" na mzigo haubebi, anafika hotelini akiwa bado na nguvu ya kutoka jioni.

Lakini msilipe hata shilingi kabla ajenti hajawaambia kila kipande mnapanda treni gani. Hapa ndo watu wengi hawaulizi. Treni ya kasi kutoka Firenze hadi Bologna, njiani kwenda Venezia, reli yake ni kilomita 78 hivi na zaidi ya 70 ziko ndani ya mahandaki, kwa hivyo mama atakaa dirishani ajione uso wake kwenye kioo mpaka Bologna. Kufika inafikisha, upesi sana, ila mashamba hakuna. Sasa linganisha na Milano kwenda Tirano, treni ya kawaida tu, saa mbili na nusu hivi, ikishapita Lecco inafuata ukingo wa ziwa Como mpaka Colico. Mkalisheni upande wa kushoto. Maji yako pale chini, vijiji vya mawe, mashua, minara ya makanisa.

Na kutoka Tirano kwenda juu ndo raha yenyewe. Treni inaanza kwa kupita barabarani kabisa, katikati ya mji, magari yanasubiri. Ikifika Brusio inaingia chini ya tao moja la daraja la mawe, inazunguka duara zima shambani, kisha inapita juu ya daraja lile lile. Inatoka mita 429 hadi 2,253 pale Ospizio Bernina, mwinuko wa asilimia 7 na haina meno ya kushikia reli. Njia hiyo yote imefunguliwa 1910 na tangu 2008 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Ulizeni pia kama ni behewa la vioo vikubwa au treni ya kawaida ya mikoa. La vioo ni zuri ila madirisha hayafunguki na kiti lazima kibukiwe na kulipiwa zaidi. Ile ya kawaida inapita reli hiyo hiyo.

langoni_kwetu, Lamu
Mimi niongeze Venezia, manake kwa sisi watu wa Lamu ule mji unaingia moyoni, hakuna gari, ni vichochoro na maji. Ukitoka mlangoni mwa stesheni ya Santa Lucia mfereji mkuu huu hapa mbele yako. Na kufika kwenyewe treni inakatiza bahari juu ya daraja la 1846. Lakini dada, madaraja ya mle ndani ni ngazi, kupanda na kushuka, kila uendako. Muulizeni ajenti hoteli iko madaraja mangapi kutoka kituo cha boti. Na usiku mmoja Venezia hautoshi kabisa, mama atafika amechoka, ataamka waondoke.

Sala msiwe na wasiwasi, nyinyi ni wasafiri, mnapunguza na kujumuisha. Chakula, Tirano waulizeni pizzoccheri, ni tambi za unga mweusi na viazi, kabichi, jibini na siagi, nyama hamna. Bresaola ni ng'ombe kweli lakini kuchinjwa kwake hujui, muiache. Na sweta nzito tafadhali, huko juu hata Juni unaweza kukuta theluji kando ya reli na mama ametoka kwenye joto la Malindi.

shangazi_wa_mambrui
Binti yangu, viza kwanza. Ya Schengen inaingia Italia na Uswisi zote, mnaomba kwa nchi mtakayolala siku nyingi, kwenu ni Italia. Bima isipungue euro 30,000, na alama za vidole ni lazima mama aende mwenyewe. Mnaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, msingoje dakika za mwisho. Na ajenti aandike kwenye karatasi, viza ikikataliwa pesa zinarudi kiasi gani. Jirani yangu aliambiwa kwa mdomo tu, hakuona kitu, na zilikuwa pesa za kuuza ng'ombe.

binti_maweni, Malindi
Mungu awalipe. Leo nimemkalisha ajenti na maswali yenu. Kumbe Firenze kwenda Venezia ni basi, treni hata hiyo ya mahandaki haimo! Na Venezia ilikuwa usiku mmoja. Amekubali kupunguza Roma usiku mmoja aongeze Venezia, hoteli atatafuta karibu na stesheni tusivuke daraja, na kurudishiwa pesa ataandika. Kaka ameelewa baada ya kusoma ile habari ya ubao. Ila Tirano kubadilisha treni, kuna mwendo mrefu?

kijana_wa_barani, kwetu Malindi, naishi Milano
Hapana, stesheni mbili ziko jirani, uwanja mmoja. Mnashuka, mnakunywa kahawa, mnavuka mnapanda nyekundu. Hakikisha tu pasipoti ziko mkobani mwako na si kwenye sutikesi zinazobebwa, manake pale mnaingia nchi nyingine.