Naomba ushauri: jukwaa la wageni mechi za ugenini

Wakuu, naombeni ushauri. Mechi za ugenini mashabiki tunaharibiana raha wenyewe kwa wenyewe. Wanaochelewa wanakalia viti vya karibu na mlango, wenye tiketi za viti hivyo wakifika wanabaki kwenye ngazi, njia inaziba. Huko mbele akisimama mmoja, aliye nyuma yake naye inabidi asimame, hivyo hivyo hadi safu ya juu kabisa. Mtoto au mwenye magongo haoni kitu dakika 90 nzima, anatazama migongo tu.

Wazo lililopo: bendera kubwa na ngoma zipande safu za juu, wanaotaka kukaa washuke chini, na kila ngazi ipate mtu wa kuelekeza saa moja kabla ya mpira kuanza. Ila tiketi zikigawiwa bila kuuliza nani anasimama, mpango unafia getini.

Kinachouma zaidi ni fataki za kushika mkononi. Joto lake hupita nyuzi 1,000; ikidondoka kati ya viti, hakuna pa kukimbilia.

Mnaosimamia safari hizi, mnawagawaje watu kabla ya kuondoka? Na anayegoma kukaa, mnamwambiaje bila kuzua ngumi?