Kukarabati nyumba ya kale Makoroboi, Mwanza: kibali kinaombwa wapi, na ramani ichorwe vipi?

Mjukuu wa Makoroboi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Familia yetu ina nyumba ya ghorofa moja karibu na Makoroboi, ambayo babu aliinunua mwaka 1968 kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akihama. Kwenye paji la mbele, juu ya roshani, imechongwa tarehe ya 1936. Kuta zake ni za mawe, nene kiasi cha inchi 18, chini kuna fremu mbili za maduka, juu tunaishi sisi, na mlango mkuu ni wa mbao uliochongwa maua.

Paa linavuja, lipu inabanduka kila baada ya masika ingawa tumeirudia mara tatu, na choo kiko uani, jambo ambalo mama yetu mwenye umri wa miaka 79 halimudu tena usiku. Kaka yangu mkubwa anataka tuongeze ghorofa mbili za zege juu na kubomoa uso wa mbele ili tupate fremu nne za vioo. Mimi naona tutakuwa tumeiua nyumba, lakini kwa kuwa sina hoja ya kitaalamu, kila kikao cha familia kinaishia kwenye kelele.

Jirani mmoja anasema anayegusa nyumba ya namna hii bila ruhusa ya Mambo ya Kale anafungwa. Mwingine anasema kibali cha Jiji kinatosha. Naomba anayejua utaratibu anieleze, na kama inawezekana aniambie ni usanifu gani unaweza kumpatia mama choo bila kuivuruga nyumba.

Mchora Ramani wa Nyamagana

Ndugu Mjukuu, nimesanifu ukarabati wa nyumba kadhaa za aina hiyo, na majirani zako wote wawili wamekosea kidogo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba ya 1936 haimo humo kwa umri wake tu. Itaingia endapo Waziri mwenye dhamana ameitangaza kwenye Gazeti la Serikali, yenyewe au eneo lilimo. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kuiandikia Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ukiuliza iwapo kiwanja chako kimo katika tangazo lolote, na kutunza jibu la maandishi, kwa sababu litakufaa kuliko maneno ya barazani. Angalia pia kwamba mlango wako una habari yake: sheria hiyo inazitambua milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kuwa vitu vinavyolindwa. Ikiwa mlango ni wa umri wa nyumba, usikubali mtu aung'oe na kuuuza kabla hujapata maelekezo ya Idara. Wanunuzi wa milango hawachelewi wakisikia nyumba inakarabatiwa.

Watu wengi huchanganya jambo hili na Zanzibar. Kule Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu miaka ya 1980, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, hivyo hata dirisha hubadilishwa kwa ruhusa. Mamlaka hiyo haivuki bahari kuja Mwanza. Huku kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na ni lazima hata kwa ukarabati unaobadili muundo au matumizi.

Kabla ya ramani, tazameni hati. Kama bado ina jina la babu, hakuna atakayepokea maombi yenu mpaka mahakama iwe imemteua msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayetia saini. Nimeona familia ikilipia michoro kamili kisha ikakaa miezi kumi na minne ikisubiri mirathi. Vilevile hakikisheni historia ya umiliki baada ya mwaka 1971, kwa sababu mwaka huo Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Majengo mengi ya katikati ya mji yalipitia njia hiyo. Kama babu aliishi humo yumkini halikuguswa, lakini utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi utaondoa shaka.

Sasa usanifu. Mwambie kaka, kwa heshima zote, kwamba ghorofa mbili za zege juu ya kuta zile ni swali la mhandisi kabla ya kuwa swali la familia. Mawe ya Mwanza ni magumu, ila kinachoyashikanisha katika nyumba za enzi hizo mara nyingi ni chokaa au hata udongo, na ukuta uliobeba sakafu ya mbao na paa la bati kwa miaka karibu 90 haukuandaliwa kubeba nondo na zege. Mhandisi achimbe mashimo mawili pembeni mwa msingi aone umekaa juu ya mwamba au juu ya kifusi, kisha ndipo mjadala uendelee.

Kuhusu choo cha mama, jengeni mnara mwembamba wa vyoo huko uani, wenye msingi na nguzo zake wenyewe, ukiachana na ukuta wa zamani kwa nafasi ndogo iliyozibwa kwa kitu laini, na uunganishwe na ghorofa kwa kupanua dirisha moja la nyuma liwe mlango. Mabomba yote yatapita humo na kuungwa kwenye mtandao wa majitaka wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama unafika mtaani kwenu. Maji hayatagusa boriti zenu, na uso wa mbele hautaguswa hata kwa patasi.

Fundi wa Chokaa

Mchora Ramani ameongea ya kweli. Mimi nitajibu hilo la lipu tu, kwa maana ndilo linalonipa riziki.

Ndugu Mjukuu, nina hakika mara zote tatu mlipiga lipu ya saruji. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiuvika saruji, maji hukosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo inakauka nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke. Ule unga mweupe mnaoufagia sakafuni ndio chumvi yenyewe. Mimi mwenyewe, nikiwa bado kijana, niliwahi kupiga saruji nyumba nzima ya mteja kule Isamilo kwa sababu aliyenisimamia alitaka kazi imara. Masika mbili baadaye nilirudi kuibandua kwa gharama yangu, na mawe yaliyokuwa chini yake yalikuwa yamelowa kama sifongo.

Anzeni nje, siyo ndani. Barabara za mjini zimewekwa tabaka juu ya tabaka, na nyumba nyingi za zamani sasa kizingiti chake kiko chini ya usawa wa lami, hivyo mvua ikinyesha maji yanaelekea ukutani. Shusheni udongo uliojazana, tengenezeni mfereji, rudisheni mabomba ya paa. Acheni ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi. Kisha bandueni saruji taratibu kwa nyundo na patasi, msitumie mashine, na mpige lipu ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, kwa mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu myembamba inayolowanishwa kila siku isikauke kwa jua. Na rangi iwe ya chokaa pia; rangi ya plastiki itawarudisha mlikotoka.

Bati msilidharau. Mabati mengi ya enzi hizo ni mazito kuliko ya geji 30 yanayouzwa leo. Yakaguliwe moja moja, pamoja na kenchi na ncha za boriti zilizoingia ukutani, kwani huko ndiko mchwa na uozo huanzia.

Binti Kirumba

Naongeza dogo kwa wenye nyumba za zamani za ufukweni. Kwanza angalieni mpo halmashauri ipi, maana Kirumba na Bwiru ni Manispaa ya Ilemela, siyo Jiji. Pili, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Nyumba iliyojengwa zamani ipo, lakini msitegemee kupata kibali cha kuipanua kuelekea majini.

Mjukuu wa Makoroboi

Nawashukuru sana, na shikamoo kwa Fundi, maana naona umri umetutangulia. Hati kweli ina jina la babu. Jana tumekubaliana mama awe msimamizi wa mirathi, na kikao kitaandika muhtasari wa kupeleka mahakamani. Kaka amesoma majibu yote akanyamaza, kisha akauliza swali moja: kama ghorofa hazijengeki, fremu nne je?

Mchora Ramani wa Nyamagana

Mwambie uani mna nafasi. Fremu mbili za nyuma zinaweza kufunguka kwenye kichochoro, kama kipo na ni njia ya wazi katika ramani ya mipango miji, bila kugusa nguzo za mbele. Nitumie vipimo vya kiwanja na picha za pande zote nne, na picha ya mlango uliofungwa na uliofunguliwa. Mhandisi wa mashimo ya msingi aje kwanza, mimi nitachora baada yake.