Naombeni ushauri: mtoto wa dada yangu anaing'ang'ania The Kissing Booth, nimruhusu au nimkatalie?

Mama Mdogo wa Tabata:
Habari za jioni wanajamvi, niende kwenye mada. Nina mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, kaja kwangu likizo, na tangu wenzake wamsimulie hii muvi ni wimbo wa asubuhi mpaka usiku. Nikasema ngoja niiangalie kwanza mwenyewe nijue naruhusu kitu gani. Kwa kweli haichukui muda unajua inaishia wapi. Elle na Lee ni marafiki toka wanazaliwa, tena siku moja, mama zao walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wana orodha ya sheria zao na mojawapo inasema ndugu wa mwenzako humgusi, halafu anatokea Noah, kaka mkubwa wa Lee, mrefu, mtanashati, ana pikipiki. Hapo nani hajui kinachofuata?

Kutabirika hakunisumbui, kinachonisumbua ni huyo Noah. Kawapiga mkwara wavulana wa shule nzima wasimsogelee Elle na Elle mwenyewe hana habari. Kila saa ngumi. Kuna sehemu anamfokea apande gari, yaani anamwamrisha kabisa, na muda si mrefu wako pamoja wanapendana. Na vipande vya chumbani vipo pia, japo havionyeshi sana. Dada yangu kasema niamue mimi. Nimkatalie, nimwache aangalie na wenzake, au nikae naye? Na kama kuna nyingine ya aina hiyo yenye afadhali nitajieni.

Kaka wa Sinza:
Dada mwache tu aangalie. Muvi za mapenzi ya wanafunzi zote zinajulikana mwisho, ndiyo raha yake. Mbona harusi tunajua itaishaje na bado tunashona sare? Watoto wanataka kuona wanafikaje pale.

Shangazi Likoni:
Mimi ningekataa kabisa, dadangu. Umri wa miaka kumi na tano ndio wa kuiga kila kitu. Kijana anayepigapiga watu kwa wivu anapambwa aonekane ndiye mume bora, halafu baadaye twashangaa wasichana wetu wakikaa na wanaume wanaowapekulia simu.

Mwalimu Wa Zamu:
Shangazi nakuelewa na hofu yako ni ya kweli, hayo nayaona darasani kila mwaka, binti anakwambia kwa furaha kabisa "ananionea wivu, ananipenda". Ila ukimkatalia ataiona kwa simu ya rafiki yake, na ataiona bila mtu mzima pembeni.

Mama Mdogo, mimi ningekaa naye na kipande ambacho ningekisimamisha ni kile cha sketi. Suruali ya Elle imechanika, anaenda shule na sketi iliyokuwa imembana kwa sababu hana nyingine, mvulana anamshika makalio, Noah anamvamia yule mvulana, na mwisho wa siku Elle naye anapewa adhabu ya kubaki shuleni. Kakosa nini? Halafu yule yule aliyemshika anaomba msamaha, anamwomba watoke, Elle anakubali, anaenda kumsubiri na jamaa hatokei kwa sababu Noah kamtisha. Muulize mwanao: hapo kuna mtu yeyote aliyemuuliza Elle anataka nini? Kisha nyamaza, mwache ajibu mwenyewe.

Mzee wa Muvi:
Niongeze kidogo kwa wasiojua. Hadithi hii ilianza Wattpad, ule mtandao ambao watu wanaandika na kusoma hadithi, kaiandika Beth Reekles wa Wales na alianza akiwa na miaka 15, Netflix wakaitoa 2018. Kwa hiyo ni ndoto ya binti wa umri ule ule wa mtoto wako, ndiyo maana inawashika hivyo, na sioni haja ya kumcheka aliyeandika wala anayeipenda. Hiyo Los Angeles unayoiona, sehemu kubwa wameishuti Afrika Kusini.

Sasa sikiliza hili. Mama yake Noah humo ndani ni Molly Ringwald, staa mkubwa wa muvi za vijana miaka ya 80. Mwaka huo huo wa 2018 aliandika makala kwenye The New Yorker, jarida la Marekani, kuhusu kuangalia The Breakfast Club, muvi yake ya 1985, akiwa na binti yake wa miaka kumi. Kuna kipande mvulana yuko chini ya meza anamchungulia sketi yule binti anayechezwa na Molly, na yeye kama mama kilimsumbua sana. Hakuitupa ile muvi, bado anaipenda, lakini aliangalia na mwanae na wakaongea. Kama yeye aliyecheza kafanya hivyo, wewe pia kaa naye.

Binti Ngamiani:
Ya afadhali ni To All the Boys I've Loved Before, nayo ya 2018. Inatabirika vile vile, wanajifanya wapenzi mpaka wanapendana kweli, lakini Lara Jean na Peter wanakaa chini kabisa wanaandikishana makubaliano, na Lara Jean anasema kissing hataki na Peter anaheshimu. Baba yake Lara Jean anaongea naye vizuri sana pia. Mtoto akiona zote mbili atalinganisha mwenyewe.

Mama Mdogo wa Tabata:
Asanteni sana wote, hiyo ya Molly Ringwald imenigusa. Basi Jumamosi nakaa naye, tunaanza na ya Noah halafu Jumapili ya Lara Jean. Mwalimu, swali la mwisho, vile vipande vya chumbani nifanyeje, nipeleke mbele?

Mwalimu Wa Zamu:
Peleka mbele ukitaka, kwako ni kwako, ila mwambie kwanini unapeleka. Usijifanye unaenda kuangalia chungu jikoni. Akiuliza kitu mjibu kwa kadiri ya alichouliza, na usimalize na hotuba, maana ukihutubia mara moja muvi inayofuata hakuiti. Utuletee mrejesho.